Kuteleza au Kutelezea? Msamiati wa Mawimbi kutoka Ziwa Tshangalele hadi Muizenberg

Utangulizi

Mwaka 2021, mchezo wa kusimama juu ya ubao na kubebwa na wimbi uliingia kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, ile iliyoitwa Tokyo 2020. Mashindano yalifanyika katika ufukwe wa Tsurigasaki, nchini Japani, na Bianca Buitendag wa Afrika Kusini akapata medali ya fedha. Mtangazaji wa Kiswahili aliyetaka kuisoma habari hiyo alikuwa na swali la kujibu kabla ya kufungua kinywa: dada huyo alifanya nini hasa juu ya maji? Aliteleza? Alipanda mawimbi? Alicheza nayo?

Makala haya yanachunguza swali hilo. Mtu anaweza kuniuliza linatuhusu nini sisi watu wa Likasi. Pwani ya nchi yetu haizidi kilomita 40, nayo iko Moanda, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, ndugu zetu wengi leo wanaishi kando ya bahari, na mazungumzo yao na sisi hupita katika Kiswahili. Pili, tumezoea kuamini kwamba maneno ya bahari ni mali ya watu wa pwani, na kwamba kazi yetu huku Katanga ni kuyapokea yalivyo pamoja na Kiswahili bora. Nitajaribu kuonyesha kwamba sarufi tuliyo nayo sote inatosha kuujenga msamiati huu, na kwamba kiambishi kimoja kinaweza kumwondolea mzee hofu.

Wimbi la ziwa na wimbi la bahari

Tuanze na kitu chenyewe kabla ya jina lake. Ziwa Tshangalele ni ziwa la mikono ya watu. Lilitokea mto Lufira ulipozibwa penye maporomoko ya Mwadingusha, ambayo wakoloni waliyaita maporomoko ya Cornet, ili kulisha kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Ni ziwa pana lakini halina kina kirefu: sehemu kubwa ni mita chache tu, na kando zake zimejaa matete na mafunjo.

Ukubwa wa wimbi la upepo hutegemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda ambao upepo umevuma, na urefu wa maji wazi unayoyapitia. Ziwani urefu huo ni mdogo. Kwa hiyo wimbi la Tshangalele huwa fupi na lenye haraka. Ukihesabu kutoka kilele kimoja hadi kingine, hufiki mbali: moja, mbili, tatu, na lingine limekwisha kupiga. Mtumbwi wenye ubavu wa chini haupati nafasi ya kupumua kati ya pigo na pigo, na ndiyo maana wimbi ambalo kwa macho si kubwa linaweza kuujaza maji na kuupindua. Kwa mtu aliyelelewa kando ya ziwa hili, neno “wimbi” lina maana moja ya kwanza: hatari.

Baharini mambo ni tofauti. Dhoruba ya mbali huzaa mawimbi ambayo husafiri maelfu ya kilomita. Njiani yale mafupi hufifia na yale marefu huendelea, mpaka yafike ufukweni yakiwa yamepangika, kwa nafasi ya sekunde 10, 12, hata 15. Wimbi la namna hiyo halina haraka. Linapofika penye maji machache, sehemu yake ya chini hupunguzwa mwendo na mchanga, sehemu ya juu huinuka, na hatimaye huvunjika. Kanuni ya kukadiria ni kwamba wimbi huvunjika urefu wake unapofikia karibu robo tatu ya kina cha maji: wimbi la mita 1 huvunjika penye maji ya mita 1.3 hivi, yaani usawa wa kifua cha mtu mzima.

Namna ya kuvunjika hutegemea mteremko wa chini. Sakafu ikiinuka ghafla, kama penye mwamba, kilele hutupwa mbele na kuanguka kwa kishindo. Hilo nitaliita wimbi la kupinduka. Sakafu ikiwa ya mchanga na ikiinuka polepole, kilele humwagika kidogo kidogo kwa povu, na wimbi huendelea kutembea kuelekea nchi kavu. Hilo nitaliita wimbi la kumwagika. La kwanza ni la mabingwa. La pili ni la wanafunzi, watoto, na watu wazima waliochelewa kuanza.

Muizenberg: ufukwe wa wanafunzi

Mahali ambapo wazungumzaji wa Kiswahili cha kwetu hukutana na wimbi la kumwagika ni Muizenberg, kitongoji cha Cape Town katika pembe ya kaskazini-magharibi ya ghuba ya False Bay. Wakongo wengi wanaishi huko. Ukitembea katika mitaa yake utasikia Kilingala, Kifaransa na Kiswahili cha Lubumbashi.

Ufukwe wake ni mpana, mchanga wake unateremka polepole, na kwa sababu hiyo umekuwa shule ya mchezo huu kwa zaidi ya miaka 100. Mwandishi wa riwaya za upelelezi Agatha Christie alijifunzia hapo mwaka 1922, akilala juu ya ubao wa mbao. Shirika la Waves for Change, ambalo hutumia mchezo huu kuwasaidia watoto waliopitia maisha magumu, lilianzia katika vitongoji vya upande huo wa mji.

Maji ya huko si kama ya Zanzibar, ambayo kwa kawaida hayashuki sana chini ya nyuzi joto 25. Katika False Bay majira ya baridi hushuka hadi karibu nyuzi 14, na wachezaji huvaa vazi zito la mpira linalobana mwili ili kuhifadhi joto. Lakini majira hayohayo ndiyo mazuri kwa mchezo: ufukwe unatazama kusini, na upepo wa kaskazini-magharibi unaotoka nchi kavu huyalainisha mawimbi. Upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi hutoka baharini na kuyavurugavuruga.

Mama mdogo wangu anaishi Muizenberg na watoto wake. Mmoja, mwenye miaka 11, amejifunza mchezo huu kwa ubao wa sponji, aina wanayopewa wanaoanza ili usiwaumize ukiwagonga. Siku moja alimtumia nkambo, hapa Likasi, ujumbe wa sauti wenye furaha: “Nkambo, leo niliteleza mu mawimbi mara tano!” Nkambo akajibu kwa sauti ya kutetemeka: “Pole, mutoto wangu. Mara tano? Uliumia wapi?” Akamgeukia mama yangu akataka kujua kwa nini dada yake anamwacha mtoto aende mu mayi peke yake.

Wote wawili walisema Kiswahili sahihi. Mtoto alitumia kitenzi ambacho magazeti na redio hutumia. Nkambo alikielewa kama kinavyoeleweka tangu zamani. Pengo lilikuwa ndani ya kitenzi chenyewe, na hilo ndilo linalostahili kuchunguzwa.

Vitenzi vinavyogombea nafasi

Nimepima mapendekezo matano kwa maswali matatu. Je, kitenzi kinaonyesha kwamba mtendaji anaitawala kazi yake? Je, kinazaa maneno mengine kwa urahisi: mtu, kifaa, sifa? Je, mtu wa ziwa atakielewa bila kamusi?

Kukopa. Tunaweza kufuata Kifaransa na kusema “kufanya surf”, au kulitohoa neno kwa sauti za Kiswahili. Tukitohoa kutoka Kiingereza tunakaribia “safu”, neno ambalo tayari ni mstari wa vitu au watu. Mkopo unapita swali la kwanza kwa sababu hauna historia ya maana nyingine. Unaanguka katika la tatu, kwa sababu nkambo haambiwi lolote.

Kuvinjari. Neno hili lina kisa cha ajabu. Maana yake ya zamani ni ya baharini: kwenda huku na huku kwa chombo, kuchunguza, kufanya doria. Watunzi wa istilahi za kompyuta walilichukua kwa ajili ya kutembelea kurasa za intaneti, na programu ya kazi hiyo ikaitwa kivinjari. Waingereza walikuwa wamefanya safari hiyohiyo kwa neno lao la mchezo wa mawimbi. Basi Kiswahili kilitoa neno la bahari kwa ajili ya intaneti, na mchezo wenyewe ukabaki bila neno. Kulirudisha sasa kungechanganya watu. Kijana akisema anavinjari, kila mtu atatazama simu yake.

Kucheza na mawimbi. Ni wazi na hakumtishi mtu. Lakini hata mtoto anayerushia maji wenzake ufukweni anacheza na mawimbi. Kitenzi hakisemi lolote juu ya ubao wala mwendo.

Kupanda wimbi. Hiki kina nguvu. Tunapanda farasi, tunapanda baiskeli, na katika yote mawili mpandaji ndiye mwenye usukani. Lakini tunapanda basi pia, na huko usukani ni wa mwingine. Zaidi ya hayo, mawimbi yenyewe hupanda, kwa hiyo “mawimbi yanapanda” na “anapanda mawimbi” hukaribiana mno. Na kuna kikwazo cha shambani: katika sehemu za Afrika Mashariki, hasa Kenya, wimbi ni nafaka, ile ambayo wengine huiita ulezi. Mkulima wa huko akisikia kwamba jirani amekwenda kupanda wimbi, ataangalia kama mvua imeanza.

Kuteleza. Hiki ndicho kinachotumika zaidi: kuteleza juu ya mawimbi. Kinaungwa mkono na michezo ya nchi za baridi. Mkenya Philip Boit aliposhiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, mchezo wake ulihitaji jina la Kiswahili, na vyombo vya habari vimezoea kusema kuteleza kwenye theluji. Tatizo lake tumeliona. Kuteleza ni jambo linalompata mtu. Ardhi ina utelezi, mguu unatoka, mtu anaanguka au anakaribia kuanguka. Hata maana yake ya fumbo ni ya bahati mbaya: aliyeteleza amekosea bila kukusudia. Methali isemayo kuteleza si kuanguka ni ya kumfariji mtu, na mshindi wa medali hahitaji kufarijiwa.

Ushahidi wa Hawaii

Kabla ya kukitupa kitenzi hiki, tuwasikilize wenye mchezo. Mchezo wa kusimama juu ya ubao ulifikia kilele chake katika visiwa vya Hawaii, na jina lake la Kihawaii ni he'e nalu. Nalu ni wimbi. He'e ni kitenzi chenye maana ya kuteleza, na pia kuyeyuka na kutiririka. Yaani waliochongea wafalme wao mbao za mchezo huu waliuita kuteleza wimbi.

Bara letu nalo si geni. Mfanyabiashara Mjerumani Michael Hemmersam, aliyefika pwani ya Ghana ya leo katika miaka ya 1640, aliandika juu ya watoto waliofungwa mbao na kutupwa majini ili wazoee bahari, na watafiti wa historia ya mchezo huu huyahesabu maelezo yake kati ya ya kwanza kabisa kuandikwa.

Kwa hiyo picha ya kuteleza si tafsiri dhaifu. Inaeleza sawasawa kinachotokea: ubao hauvutwi wala hausukumwi kwa kasia, unateremka kwenye uso wa wimbi kama mtu anayeteremka kilima ambacho nacho kinatembea. Lakini tazameni tofauti ya kisarufi. Katika he'e nalu, wimbi limekaa karibu na kitenzi, bila neno la kuyatenga. Katika “kuteleza juu ya mawimbi”, wimbi limegeuzwa kuwa mahali tu, kama sakafu. Mtu anateleza, na mawimbi ni pale alipotelezea. Ndipo maana ya ajali inapopata mlango.

Kauli ya kutendea kama dawa

Kiswahili kina njia ya kulirudisha wimbi karibu na kitenzi, nayo ni kauli ya kutendea. Kutoka -teleza tunapata -telezea. Kauli hii hukipa kitenzi nafasi ya yambwa, na yambwa inaweza kuwekewa kiambishi. Linganisheni:

Mtoto ameteleza. (Ajali. Tunamwambia pole.)

Mtoto ameteleza kwenye mawimbi. (Ajali bado inawezekana. Nkambo aliisikia hivyo.)

Mtoto amelitelezea wimbi mpaka ufukweni. (Kazi. Tunamwambia hongera.)

Katika sentensi ya tatu, kiambishi -li- kinaonyesha kwamba mtoto alikuwa na wimbi fulani machoni, akalichagua, akalitumia. Huwezi kukilenga kitu usichokikusudia. Niliwasomea sentensi hizi tatu wanafunzi wenzangu wachache na wazee wawili wa nyumbani, na kwa ile ya tatu hakuna aliyeuliza kama mtoto ameumia. Hilo si utafiti, ni jaribio la barazani. Lakini lilinitia moyo niendelee na familia nzima ya neno:

Kutelezea: kufanya mchezo wenyewe. Mtelezaji: mchezaji. Ubao wa kutelezea: kifaa, kwa muundo uleule wa kisu cha kukatia na kalamu ya kuandikia. Kutelezesha: kumsukuma anayejifunza ili ashike wimbi, kama walimu wa Muizenberg wanavyofanya wakisimama kwenye maji ya kiunoni. Kutelezeka: sifa ya wimbi linalofaa. Wimbi la kumwagika la ufukwe wa mchanga linatelezeka. Wimbi fupi la Tshangalele halitelezeki.

Mtu atasema kwamba -telezesha ni neno la simu. Ni kweli: simu zenye Kiswahili hutuambia tutelezeshe kidole. Nalichukua hilo kama ushahidi upande wangu. Kila siku mamilioni ya vidole huteleza kwa makusudi, wala hakuna anayeomba pole. Mzizi huu umekwisha kuanza kutoka katika ajali na kuingia katika ustadi.

Maneno ya hatari

Msamiati wa mchezo usioeleza hatari yake haujakamilika, na hapa ndipo uzoefu wa ziwa unaweza kutudanganya. Mtu wa Tshangalele anajua kwamba maji yaliyotulia ni salama kuliko yanayochafuka. Katika ufukwe wa mchanga kanuni hiyo inaweza kuua. Maji yote yanayoletwa na mawimbi lazima yarudi, na mara nyingi hurudi kwa njia nyembamba kati ya mafungu ya mchanga. Penye njia hiyo pana kina zaidi, kwa hiyo mawimbi hayavunjiki sana, na kwa juu maji huonekana meusi kidogo na matulivu. Mzazi mgeni anaweza kumwelekeza mtoto wake papo hapo.

Tuuite mkondo wa kurudi. Nimeepuka jina lolote lenye kuzama au kuzamisha, kwa sababu mkondo huu hauvuti chini. Unavuta mbali, kuelekea baharini. Jina humwambia mtu afanye nini. Aliyeambiwa kwamba anazamishwa atapigana mpaka achoke, na uchovu ndio utakaomzamisha. Aliyeambiwa kwamba anarudishwa baharini anaweza kukumbuka kuelea, kuogelea sambamba na ufukwe mpaka atoke katika njia hiyo nyembamba, kisha kurudi pamoja na mawimbi. Mwenye ubao asiuache: ndio mtumbwi wake. Na anayehitaji msaada ainue mkono.

Muizenberg ina alama nyingine za kujifunza. Tangu mwaka 2004 waangalizi wa papa wa mpango wa Shark Spotters hukaa mlimani wakiitazama ghuba, nao hutumia bendera. Ya kijani inasema maji yanaonekana vizuri na papa hajaonekana. Nyeusi inasema hali ya kuona ni mbaya, si kwamba papa yupo. Nyekundu inataka tahadhari kubwa. Nyeupe yenye picha ya papa mweusi, pamoja na king'ora, inasema tokeni majini. Kwa sisi wanafunzi wa lugha ni mfano mzuri wa alama ambazo haziwezi kukisiwa. Mtu akitegemea hisia zake ataiogopa nyeusi na kuidharau nyeupe, ambayo kwa wengi ni rangi ya amani. Kinga pekee ni kuelezwa, na kuelezwa kwa lugha anayoielewa.

Hitimisho

Sikupata neno jipya hata moja katika uchunguzi huu. Teleza, mwaga, pindua, rudi na mkondo ni maneno ambayo mtu wa ziwa tayari anayo. Kilichohitajika ni kuyapitisha katika kauli na ngeli kwa uangalifu. Kuna maneno ambayo lazima tuyapokee kutoka pwani kwa sababu ziwa letu halina kitu chake: maji kujaa na maji kupwa, bamvua na maji mafu. Tuyapokee kwa shukrani. Lakini kwa yale mengine hatuna haja ya kungoja kamusi itoke mbali.

Napendekeza kwa hiyo tuseme “kutelezea mawimbi”, na tuache “kuteleza kwenye mawimbi” kwa yule aliyeanguka kweli.

Mazoezi

1. Tungeni sentensi tano za habari ya michezo mkitumia -telezea pamoja na kiambishi cha yambwa -li- au -ya-. Kisha ondoeni kiambishi hicho. Maana imebadilika vipi?

2. Mwelezeni mzee asiyewahi kuona bahari mkondo wa kurudi ni nini, kwa Kiswahili cha nyumbani, bila kutumia neno la Kifaransa. Andikeni maswali atakayouliza. Kila swali lake linaonyesha neno ambalo bado halijatosha.

3. Methali husema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Jadilini: je, msamiati wa ziwa ni kifuu mbele ya msamiati wa bahari, au ni suala la nani anayesimama ukingoni?